Tetemeko haliui peke yake: mwongozo wa kuwafundisha vijana historia ya matetemeko makubwa ya ardhi

Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, saa tisa na dakika 27 alasiri, ardhi ilitikisika Kagera. Kitovu kilikuwa upande wa Missenyi, karibu na mpaka wa Uganda. Ukubwa wake ulikuwa 5.9. Watu wasiopungua 17 walifariki, mamia walijeruhiwa, na maelfu ya nyumba zilianguka au zikapasuka kiasi kwamba hakuna aliyethubutu kulala ndani. Sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika vibaya, na Ihungo ilibidi ijengwe upya.

Vijana ninaowafundisha jiografia leo hawaikumbuki siku hiyo. Wengine walikuwa bado wanabebwa mgongoni. Ukiwauliza tetemeko la ardhi ni nini, watakuandikia maana ya kitabuni bila kukosea hata neno. Waulize sasa ule ufa kwenye ukuta wa jirani ulitoka wapi, watakutazama tu. Kwa hiyo niliacha kulifundisha somo hili kwa orodha ya miaka na idadi ya waliokufa, nikaanza kulifundisha kama ninavyolieleza hapa. Mwongozo huu unamfaa mwalimu wa darasani, mlezi wa skauti, kiongozi wa vijana msikitini au kanisani, hata mzazi mwenye watoto watatu na meza moja. Tenga vikutano vinane hivi, kimoja kwa wiki.

Kila tetemeko mtakalolisoma, lipitisheni kwenye maswali mawili. Nini hasa kiliwaua watu? Na walionusurika, walijua nini ambacho wenzao hawakukijua? Ardhi kutikisika peke yake ni nadra kumuua mtu aliyesimama uwanjani. Kinachoua ni ukuta, paa, moto, maji, matope, na wakati mwingine uvumi. Kijana akilielewa hilo, hataona tena historia ya matetemeko kama mkosi uliowashukia watu wa mbali.

Hatua ya 1: Anza na tetemeko la kwenu

Wengi wetu tunakimbilia Japani. Usifanye hivyo. Tafuta tetemeko ambalo bibi au babu wa mmoja wa wanafunzi wako alilisikia kwa miguu yake mwenyewe. Sisi wa ukanda wa Bonde la Ufa hatukosi. Sumbawanga na Rukwa wana tetemeko la tarehe 13 Desemba 1910, lenye ukubwa wa takriban 7.4, moja ya makubwa kabisa Afrika katika karne iliyopita. Wakenya wana la Subukia la tarehe 6 Januari 1928, takriban 6.9, lililopasua ardhi kwa makumi ya kilomita. Bundibugyo na Toro, Uganda, wana la tarehe 20 Machi 1966 lililoua zaidi ya watu 100. Kalemie na Kigoma wana la Desemba 2005 chini ya Ziwa Tanganyika, 6.8. Bukavu na Rusizi wana la tarehe 3 Februari 2008. Siku hiyo ilikuwa Jumapili asubuhi, na baadhi ya waliofariki upande wa Rwanda walikuwa kanisani.

Sasa watume vijana wakawahoji wazee. Wape maswali yaliyoandikwa, la sivyo watarudi na "Bibi alisema aliogopa sana" na hakuna zaidi. Maswali yangu nimeyachukua mahali pa ajabu kidogo. Baada ya tetemeko lililoiangamiza Lisbon, mji mkuu wa Ureno, tarehe 1 Novemba 1755, waziri wa mfalme, yule ambaye historia inamfahamu kama Marquês de Pombal, aliagiza maparoko wa nchi nzima waulizwe maswali yanayofanana kila mahali. Lilianza saa ngapi na lilidumu kwa muda gani? Mtikisiko ulionekana kutoka upande gani? Nyumba ngapi zilianguka? Wangapi walikufa? Bahari ilifanyaje, ilipanda kwanza au ilirudi nyuma kwanza? Visima na chemchemi vilibadilikaje? Moto ulizuka? Majibu yake bado yapo, na wataalamu wanayatumia mpaka leo. Wengi huhesabu kazi hiyo kuwa miongoni mwa mianzo ya sayansi ya matetemeko. Mbinu yake ilikuwa kuwauliza watu wengi swali lile lile, basi.

Kijana wa Kidato cha Pili anaiweza kazi hiyo hiyo. Aongeze maswali mawili ya kwake: "Ulikuwa umesimama wapi?" na "Ulifanya nini katika sekunde za kwanza?" Aandike maneno ya mzee kama yalivyotoka, hata yakiwa ya Kihaya, Kifipa au Kikikuyu, tafsiri itakuja baadaye. Muda usiuamini sana. Mtu aliyekuwa kwenye tetemeko la sekunde 15 atakwambia kwa dhati lilidumu dakika tano. Usimsahihishe mzee mbele ya mtoto. Darasani mlinganishe majibu kumi ya watu kumi, wajionee wenyewe jinsi hofu inavyoirefusha saa.

Hatua ya 2: Tofali, tyubu na msasa

Unahitaji tofali moja la kuchoma, ukanda mrefu uliokatwa kwenye tyubu kuukuu ya baiskeli, karatasi mbili tatu za msasa, na rula. Gundisha msasa mezani, weka tofali juu yake, lifunge ukanda wa tyubu, kisha kijana auvute polepole sana kwa mwendo usiobadilika.

Tofali halisogei. Tyubu inarefuka, inarefuka, kisha ghafla tofali linaruka mbele sentimita kadhaa na kutulia. Endelea kuvuta. Mwingine apime kila ruko na kuliandika. Baada ya maruko 15 waulize: nani anaweza kuniambia ruko linalofuata litatokea lini na litakuwa la ukubwa gani? Watajaribu, nao watashindwa.

Tetemeko hufanyika hivyo hivyo. Mabamba ya ganda la dunia yanasogea kwa mwendo wa kucha zinavyoota, huku kwetu milimita chache tu kwa mwaka, lakini kwenye ufa miamba imeng'ang'aniana. Inajikunja na kujibana kwa miaka mingi, na siku inapoachia, nguvu yote iliyowekwa akiba inatoka kwa sekunde. Mtaalamu Harry Fielding Reid alilieleza jambo hili baada ya tetemeko la San Francisco la tarehe 18 Aprili 1906, ambapo ua wa shamba uliopita juu ya ufa ulikutwa umekatika, nusu moja imehamishwa mita kadhaa kutoka nusu ya pili. Wachoree ua huo ubaoni. Naona mchoro huu unawakaa kichwani kuliko ule wa mishale ya mabamba.

Usiondoke kwenye tofali kabla hujalitaja hili: hakuna mtu duniani anayeweza kutabiri siku na saa ya tetemeko. Ujumbe wa simu unaosema "kesho saa nne usiku litakuja kubwa zaidi" ni uongo, hata ukiwa na nembo ya taasisi juu yake. Lakini mitetemeko midogo inayofuata baada ya kubwa ni jambo la kawaida, na ni kweli inaweza kuangusha ukuta uliokwisha kulegea. Vijana wajue kuyatenganisha haya mawili.

Hatua ya 3: Punje za mchele

Namba za ukubwa zinawadanganya wanafunzi. Kwao 5 na 9 zinakaribiana, kama alama za mtihani. Waambie kila namba moja inayoongezeka ina maana ya nguvu iliyozidishwa takriban mara 32, kisha watoe mchele. Tetemeko la ukubwa wa 5 liwe punje moja. La 6 ni punje 32. La 7 ni punje 1,000. La 8 ni punje 32,000, yaani chini kidogo ya kilo. La 9 ni punje milioni moja, zaidi ya kilo 20. Tetemeko la Kagera, kwa hesabu hiyo, ni punje 22 hivi, zinakaa kwenye kiganja. Tetemeko la Valdivia, Chile, la tarehe 22 Mei 1960, lenye ukubwa wa 9.5, ndilo kubwa kuliko yote yaliyowahi kupimwa, na mchele wake haubebwi na kijana mmoja.

Hapo utasikia swali ambalo ndilo mlango wa somo lote: "Mwalimu, kama la kwetu lilikuwa punje 22, mbona nyumba zilianguka?"

Waeleze tofauti ya ukubwa na ukali. Ukubwa ni namba moja kwa tetemeko zima. Ukali ni kile ulichokisikia hapo uliposimama, nao unabadilika kutoka kijiji hadi kijiji kutokana na umbali, kina cha kitovu, aina ya udongo na ubora wa jengo. Taa ya balbu ina nguvu yake moja, lakini mwanga unaoufikia wewe unategemea umekaa wapi.

Hatua ya 4: Hadithi chache, kila moja na muuaji wake

Usizidishe tano. Gawa vijana katika makundi, kila kundi lichukue tetemeko moja na kuja kulieleza. Yafuatayo ndiyo ninayoyatumia, na sababu zake.

Agadir, Moroko, usiku wa tarehe 29 Februari 1960. Ukubwa wake ulikuwa takriban 5.8, karibu na zile punje za Kagera. Lakini waliokufa ni kati ya watu 12,000 na 15,000, kama theluthi ya mji. Waache vijana wachunguze wenyewe. Kitovu kilikuwa karibu sana na uso wa ardhi, chini ya mji wenyewe, wakati la Kagera kitovu kilikuwa kina cha kilomita 40 hivi. Lilikuja karibu na saa sita usiku, watu wamo ndani. Na nyumba nyingi zilikuwa za mawe na udongo bila kitu cha kuzifunga pamoja. Hadithi hii ninaitanguliza kila mara kwa sababu inalimaliza wazo la kwamba namba kubwa ndiyo inayoua.

Haiti na Chile, 2010. Hapa kundi moja lichukue nchi zote mbili. Tarehe 12 Januari, saa kumi na dakika 53 jioni, Haiti ilipigwa na tetemeko la 7.0. Tarehe 27 Februari, Chile ilipigwa na la 8.8, ambalo nguvu yake ni takriban mara 500 ya lile. Chile walikufa watu 500 na kitu. Haiti, makadirio yanaanzia watu laki moja na kupita laki tatu. Chile walikuwa na kanuni za ujenzi zilizoimarishwa baada ya msiba wa 1960, na zilifuatwa. Port-au-Prince, mji mkuu wa Haiti, ilikuwa imejaa zege zito lenye nondo haba, na kitovu kilikuwa jirani. Wachimbue pia tofauti ile ya makadirio: nani alihesabu, kwa njia gani, na nani alinufaika na namba kubwa au ndogo? Kijana anayejifunza kuuliza hivyo kuhusu Haiti atauliza hivyo hivyo kuhusu takwimu yoyote atakayokutana nayo maishani.

Mji wa Mexico, tarehe 19 Septemba 1985. Kitovu kilikuwa pwani, zaidi ya kilomita 300 kutoka mjini, na miji mingi ya katikati haikuumia sana. Mji mkuu ukaanguka, kwa sababu sehemu yake kubwa imejengwa juu ya matope ya ziwa la kale. Pika uji mzito, umimine kwenye trei, uache upoe na kuganda. Kwenye trei ya pili weka ubao mkavu. Simamisha visanduku vya kibiriti juu ya zote mbili, kisha ugonge meza kwa ngumi. Uji utaendelea kutikisika baada ya ubao kutulia. Halafu lipo fumbo jingine: yaliyoanguka zaidi ni majengo ya ghorofa 6 hadi 15, huku nyumba fupi za zamani na mnara mrefu wa Torre Latinoamericana vikibaki vimesimama. Wachukue waya tatu za urefu tofauti, kila moja na tonge la udongo juu, wazichomeke kwenye ubao mmoja na kuusukuma huku na huku. Wakibadilisha mwendo wa kusukuma, waya tofauti itaanza kuyumba zaidi. Matope ya Mexico yaliyumba kwa mdundo wa majengo yale ya kati.

Kanto, Japani, tarehe 1 Septemba 1923, dakika mbili kabla ya saa sita mchana. Majiko yalikuwa yamewashwa kwa ajili ya chakula cha mchana, nyumba ni za mbao, na upepo ulikuwa mkali. Waliokufa ni kama 105,000, wengi kwa moto. Kwenye uwanja mmoja wazi wa Tokyo, watu 38,000 waliokimbilia hapo na magodoro na vyombo vyao waliteketea. Kisha ukaja uvumi kwamba Wakorea wanatia sumu visimani, na makundi ya watu yakawaua Wakorea kwa maelfu. Usiliruke hili. Vijana wetu wana simu mkononi na wanajua uvumi unavyokimbia. Japani wameifanya tarehe 1 Septemba kuwa siku ya mazoezi ya kujikinga na maafa, kila mwaka.

La tano lichaguliwe na vijana wenyewe. Wengi huchagua la Uturuki na Syria la tarehe 6 Februari 2023, kwa sababu waliliona kwenye simu.

Hatua ya 5: Bahari

Hili nalifundisha hata Kagera, kilomita zaidi ya elfu moja kwa barabara kutoka ufukweni, kwa sababu nusu ya wanafunzi wangu wataishia Dar es Salaam kutafuta maisha.

Jumapili ya tarehe 26 Desemba 2004, kabla ya saa kumi alfajiri kwa saa za kwetu, tetemeko la ukubwa wa 9.1 lilipasua sakafu ya bahari karibu na kisiwa cha Sumatra, Indonesia, na kuzusha tsunami, yaani mawimbi makubwa ya bahari. Watu kama 227,000 walikufa katika nchi 14. Wachoree ramani ya Bahari ya Hindi na kuweka saa kwenye kila pwani. Aceh, jimbo la kaskazini mwa Sumatra, ilipigwa na wimbi ndani ya nusu saa, Sri Lanka baada ya saa mbili hivi. Pwani yetu ilifikiwa zaidi ya saa saba baadaye. Saa saba ni muda wa basi kutoka Dar kufika Dodoma. Hata hivyo Somalia walikufa karibu watu 300, na Tanzania watu wasiopungua 10, wengi wao wakiogelea sikukuu. Hapakuwa na mtikisiko wowote walioweza kuusikia. Jua lilikuwa linawaka. Kenya habari ziliwahi, fukwe za Mombasa zikaondolewa watu, na aliyekufa alikuwa mmoja.

Acha darasa likae na ramani hiyo kwa muda. Waulize, katika saa saba, nani angeweza kumpigia nani?

Kisha waambie habari ya kisiwa cha Simeulue. Kiko karibu kabisa na kitovu, na wimbi lilifika kwa muda usiozidi kuchemsha chai. Kisiwa kilikuwa na watu kama 78,000. Kwa hesabu inayotajwa mara nyingi, waliokufa ni saba. Ng'ambo, katika jimbo hilo hilo la Aceh, walikufa zaidi ya 150,000. Watu wa Simeulue hawakuwa na king'ora wala redio ya tahadhari. Walikuwa na neno moja, *smong*. Mwaka 1907 wimbi liliwaua wazee wao wengi, na walionusurika wakaanza kuwasimulia watoto: ardhi ikitikisika kwa nguvu, kisha bahari ikarudi nyuma, usiende kuokota samaki, panda mlimani. Waliliimba wakibembeleza watoto, wakalisimulia usiku. Miaka 97 baadaye mtu mmoja akapiga kelele "smong!" na kisiwa kizima kikapanda kilima.

Siku hiyo hiyo huko Phuket, Thailand, msichana Mwingereza wa miaka 10, Tilly Smith, aliona maji yakitoka povu na kusogea isivyo kawaida. Wiki mbili kabla, darasani kwao, mwalimu wa jiografia alikuwa amewafundisha tsunami. Akawaambia wazazi wake, wakatahadharisha hoteli, na watu kama mia moja waliokuwa ufukweni wakaondolewa kabla ya wimbi. Kila ninapochoka na kazi hii namkumbuka mwalimu yule, aliyemaliza kipindi chake siku moja ya Desemba na kwenda nyumbani bila kujua alichokifanya.

Kanuni za kuwaachia vijana wa pwani ni chache. Ardhi ikitikisika kwa muda mrefu ukiwa ufukweni, au bahari ikirudi nyuma ghafla, au ikinguruma isivyo kawaida, nenda juu au mbali na maji hapo hapo, kwa miguu, bila kungoja tangazo. Tetemeko likiwa la mbali hutasikia kitu, kwa hiyo tangazo la Mamlaka ya Hali ya Hewa au la serikali ya mtaa lisidharauliwe hata bahari ikiwa shwari. Na usirudi baada ya wimbi la kwanza. Tsunami ni mfululizo wa mawimbi kwa saa kadhaa, na mara nyingi la kwanza silo kubwa.

Hatua ya 6: Angalia nani amekaa mbele yako

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mahali palipowahi kutikisika, lori zito likipita na madirisha yakalia, utamwona mama wa makamo ameshika mlango. Miongoni mwa wanafunzi wako anaweza kuwepo aliyempoteza mtu, au anayelelewa na aliyepoteza. Kabla ya kikutano cha kwanza tangaza mada, na mwambie anayetaka kukaa nje au kufanya kazi nyingine kwamba ruhusa ipo na haulizwi sababu. Picha za maiti na video za watu wakilia usizionyeshe kabisa. Picha ya ukuta inatosha.

Swali la Mungu litakuja, wala usilikimbie. Lilikuja Lisbon pia, ambako makanisa yaliwaangukia waumini asubuhi ya Sikukuu ya Watakatifu Wote. Mimi huwajibu kwamba imani ya kila mtu ina namna yake ya kuupokea msiba, na sitaigusa. Ninachokataa ni mtu kusema waliokufa walistahili. Kisha nawaonyesha kilichofuata Lisbon: mitaa mipana, na nyumba zilizojengwa na fremu za mbao zilizopigwa misalaba ndani ya kuta ili ziyumbe bila kuanguka. Mfano wake ulijaribiwa kwa askari kupiga kwata kwa miguu mizito kuuzunguka. Waliendelea kusali, na walijenga vizuri zaidi.

Hatua ya 7: Kagua jengo mlimo, kisha fanyeni zoezi

Zungukeni shule na daftari. Kabati gani halijafungwa ukutani? Mlango gani unafunguka kwa ndani na una dawati mbele yake? Ufa gani unapita mshazari kutoka kona ya dirisha? Mwalike fundi mwashi wa mtaani awaonyeshe nondo, mkanda wa zege unaozunguka kuta zote juu ya madirisha, na tofauti ya tofali lililoiva na lisiloiva. Mafundi hufurahi kuulizwa, na vijana huwasikiliza kuliko sisi. Mkigundua jambo la hatari, andikeni barua kwa mkuu wa shule na kamati, kwa adabu, yenye orodha na picha.

Zoezi lenyewe ni la dakika tatu. Inama, jifunike chini ya dawati ukikinga kichwa na shingo, shikilia mguu wa dawati mpaka mtikisiko uishe. Kisha tokeni kwa mstari hadi uwanjani, mbali na kuta na nyaya za umeme, mkahesabiwe. Anayelala kwenye nyumba ya matofali mabichi au udongo, akiwa hatua chache tu na mlango, ni heri atoke nje upesi, kwa sababu nyumba hiyo haimwachii nafasi chini ya meza. Kwenye ghorofa usikimbilie ngazi. Rudieni bila kutangaza, mara moja kila muhula.

Hatua ya 8: Igeuzeni iwe ngonjera

Ripoti ya kurasa kumi itaishia kabatini. Watu wa Simeulue hawakuandika ripoti. Sisi tuna ngonjera, tuna shairi, tuna nyimbo za kuruka kamba, na kila mkutano wa wazazi una nafasi ya burudani ambayo vijana wanaweza kuiomba. Kila kundi litunge beti mbili kuhusu tetemeko lake, na kila ubeti ubebe kitendo kimoja ambacho msikilizaji anaweza kukifanya. Vijana wanaanza vizuri wakipewa mfano, kwa hiyo mimi huwapa huu wa bahari:

Maji yakirudi nyuma, samaki wakawa wazi,
Usishuke kuchutama, kuokota ni upuzi,
Mshike mkono mama, usimngoje mjuzi,
Kimbilia mlimani, wimbi huja tena tena.

Wasahihishane vina na mizani wenyewe. Ninachokisahihisha mimi ni ukweli tu: tarehe, ukubwa, na kama kitendo kilichotajwa ni salama. Wakishakariri, wawafundishe wadogo zao wa darasa la pili, kisha wiki mbili baadaye uwaite wadogo wale, bila wakubwa wao, wakuimbie.

Majibu ya wazee mliyoyakusanya katika hatua ya kwanza yanakiliwe kwa mkono kwenye daftari moja gumu, nakala moja ibaki shuleni na nyingine kwa mtendaji wa kijiji. Sisi la kwetu tunalifungua kila tarehe 10 Septemba, saa tisa alasiri, na wanafunzi wapya wanapewa penseli na jina la mzee ambaye hajahojiwa.